Jina Limerudi, Saa Je?

Saa inaning'inia kwenye ndoano ndani ya silinda ya plastiki ngumu, juu ya maji, haijayagusa bado. Mfuniko umebanwa, pampu imesukuma hewa hadi presha ya bar 3, na dakika kadhaa zimepita ili hewa hiyo ipate nafasi ya kupenya kama kuna pa kupenyea. Fundi anaishusha saa mpaka maji yaifunike, kisha anaanza kulegeza vali. Mshale wa kipimo unarudi nyuma: 2.5, 2. Mapovu mawili matatu yanachomoka chini ya bezeli, ile pete inayozunguka kioo, na kupotea. Hayo hayana neno, ni hewa iliyokwama tu. Halafu, pembeni mwa kifundo cha kutilia ufunguo, unaanza uzi wa mapovu madogo, yanafuatana kama shanga na hayakatiki.

Fundi anaipandisha saa juu ya maji papo hapo, wakati silinda bado ina presha. Akingoja, hewa iliyoshindiliwa ndani ya saa itamalizika kutoka na maji yanaweza kuingia kwa njia ileile.

Saa yenyewe ni mpya. Nyuma imechongwa mita 300. Usoni ina jina la chapa ya wapiga mbizi iliyokufa zamani na kufufuliwa miaka ya karibuni. Kijitabu kilichokuja nayo kinasimulia habari za miaka ya 1960 kwa kirefu: wazamiaji mashuhuri, meli za utafiti, picha za rangi iliyopauka. Kuhusu gasketi, ile mipira ya kuzuia maji, hakuna hata mstari mmoja.

Ni wiki kadhaa sasa uzi ule wa mapovu haunitoki kichwani.

Kuvuja peke yake si kioja. Saa yoyote huvuja siku ikikosewa. Kinachonisumbua ni swali lililo nyuma yake. Chapa ya saa za kuzamia ikifufuliwa, kinachofufuka hasa ni kitu gani?

## Jina kwenye karatasi

Habari za quartz, yaani saa za betri, na jinsi zilivyoivunja biashara ya saa ya Uswisi baada ya 1969 zinajulikana, sitazirudia. Niseme tu kwamba viwanda vilipofungwa, mashine ziliuzwa kama chuma chakavu, mafundi wakatafuta kazi nyingine, na kilichobaki mara nyingi kilikuwa jina lililosajiliwa. Jina halili wala halipati kutu. Linaweza kukaa kwenye faili miaka ishirini likimngoja mnunuzi.

Blancpain ndio mfano unaotajwa sana. Saa yake ya Fifty Fathoms ilitoka 1953, chini ya Jean-Jacques Fiechter ambaye mwenyewe alikuwa mpiga mbizi, na ikaingia mikononi mwa wazamiaji wa jeshi la wanamaji la Ufaransa wa kina Bob Maloubier na Claude Riffaud. Miongo mitatu baadaye, jina hilo lilikuwa halina kiwanda. Jean-Claude Biver na Jacques Piguet walilinunua mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa fedha ambazo leo zisingetosha kununulia saa mbili tatu za juu za chapa hiyohiyo. Makao ya zamani yalikuwa Villeret. Maisha mapya yakaanzia Le Brassus, kwenye bonde jingine kabisa. Na Fifty Fathoms haikurudi mara moja. Toleo lililoirejesha kwa heshima lilitoka 2003, saa 150 tu, na mkusanyiko kamili ukafuata 2007.

Doxa nayo, iliyoanzishwa na Georges Ducommun mjini Le Locle mwaka 1889, ilitoa SUB 300 yake ya uso wa rangi ya chungwa mwaka 1967, ikaja kuzama na wenzake, na mwaka 1997 ikaangukia mikononi mwa familia ya Jenny. Hapo kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka: akina Jenny hawakuwa wageni wa maji. Wao wenyewe walikuwa wametengeneza saa ya Caribbean ya mita 1,000 katika miaka ya 1960. Aquastar ya Geneva, iliyojulikana kwa Deepstar, ilirudi 2020. Nivada Grenchen vilevile, mwaka huohuo.

Ukizipanga habari hizi pamoja, shaka inakuja yenyewe. Mtu ananunua jina, anaagiza kasha kwa mmoja, uso kwa mwingine, mashine kwa wa tatu, anaunganisha, anauza historia. Ufufuo gani huo?

Kwa muda niliamini hoja hiyo imefungwa.

## Shaka ilipogeuka

Kilichoifungua ni kulitazama kasha la saa ya zamani kwa ndani. Fungua saa nyingi za kuzamia za miaka ya 1960 zenye vifundo viwili na utakuta, upande wa ndani wa kifuniko, alama ya kofia ya mzamiaji. Hiyo si alama ya chapa iliyoandikwa usoni. Ni alama ya Ervin Piquerez, EPSA, kiwanda cha makasha kilichouzia chapa chungu nzima. Fungua nyingine utakuta kasha la von Büren, mtengenezaji aliyeuzia wengine kabla na baada ya kuzipa nguvu saa zake mwenyewe za Squale. Mashine nayo ni ya viwanda vingine tena: ETA, au AS, au Valjoux ikiwa ni ya kupimia muda kama Deepstar.

Maana yake, hata enzi zile chapa nyingi zilikuwa waunganishaji. Ndivyo biashara ya saa za Uswisi ilivyokuwa vizazi na vizazi: huyu kasha, yule mishale, mwingine vioo. Anayemlaumu mfufuaji kwa kununua vipande anamlaumu kwa kufanya kilekile alichofanya marehemu.

Basi chapa yenyewe ilikuwa na nini chake?

Ilikuwa na maamuzi. Mtu fulani aliketi akaamua mzamiaji anahitaji nini, kisha akawaagiza watengenezaji wa vipande wamtengenezee hicho. Blancpain iliamua bezeli isigeuke ovyo ikiguswa, na ikaweka oringi (pete ya mpira) ya kifuniko cha nyuma kwenye mfereji wake ili isijikunje wakati wa kufunga. Doxa, kwenye mradi ulioongozwa na Urs Eschle, iliamua uso uwe wa chungwa, mshale wa dakika uwe mpana na wa saa uwe mdogo kiasi cha kuchekesha, kwa sababu chini ya maji hakuna anayeuliza ni saa ngapi. Anauliza dakika ngapi zimepita.

(Rangi ya chungwa, tukiwa hapohapo, haina miujiza inayosimuliwa. Maji hunyonya nyekundu kwanza, chungwa inafuata, hivyo kadiri unavyoshuka uso ule unafifia na kuwa wa kijivujivu. Inasaidia sana kwenye maji ya juu na yenye uchafu. Chini zaidi kinachokuokoa ni mshale mweusi mpana juu ya uso usio mweusi.)

Nikishaliona hivyo, swali langu likabadilika. Sikuuliza tena nani katengeneza vipande. Niliuliza kama mfufuaji anaamua, au ananakili maamuzi ya mtu mwingine bila sababu zake.

## Jedwali lililochongwa kwenye chuma

Bezeli ya SUB 300 ndiyo mtihani mzuri kuliko yote. Ina duara mbili. Ya ndani ni ya dakika, ya nje ni ya kina. Unapoondoka juu ya maji unaleta alama ya mwanzo ya bezeli mbele ya mshale wa dakika. Ukishuka futi 60, mshale ukifika kwenye 60 ya nje, yaani dakika 60, muda wako wa kupanda moja kwa moja bila vituo vya njiani umekwisha. Futi 100, dakika 25. Futi 130, dakika 10. Ni majedwali ya jeshi la wanamaji la Marekani, yamekunjwa yakawa duara na kuchongwa kwenye chuma.

Kwa mwaka 1967 hiyo ilikuwa akili ya hali ya juu. Mzamiaji alikuwa anabeba hesabu hiyo kichwani au kwenye kibao cha plastiki.

Lakini jedwali lile lilitungwa kwa wanajeshi, vijana wenye afya. Majedwali ya burudani yaliyokuja baadaye ni mabahili zaidi: la PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, linatoa dakika 55 kwa futi 60 na dakika 20 kwa futi 100. Dakika tano pale chini si kitu cha kupuuza. Tena bezeli inaijua mbizi ya kwanza peke yake. Ukirudi majini mchana, mwilini bado umebaki na naitrojeni ya asubuhi, na chuma hakina habari. Deepstar ya Aquastar ilijaribu kulitatua hilo kwa bezeli iliyokusudiwa kumsaidia anayezama mara ya pili siku ileile, na ndiyo maana naiona kuwa saa yenye fikra nzito kuliko zote za kizazi chake.

Sasa mfufuaji afanye nini? Akibadilisha namba, wapenzi wa zamani watamwambia ameharibu. Akiziacha, anauza chombo cha usalama chenye hesabu ya miaka sitini iliyopita.

Wengi wameziacha. Sitawalaumu sana, kwa sababu leo anayezama ana kompyuta mkononi inayosoma kina na muda kila mara. Ila jedwali hilo sasa ni pambo, na muuzaji mwaminifu angesema hivyo kwenye karatasi yake. Kazi iliyobaki kwa bezeli ni ile ya kawaida: kuhesabu dakika kama kompyuta ikizima, au kupima dakika tatu za kusimama kwenye mita 5 kabla ya kutoka. Kwa kazi hiyo, kinachotakiwa ni alama za dakika zinazosomeka na meno yasiyolegea. Saa nyingi zilizofufuliwa zinalifanya hili vizuri kuliko mababu zao.

## Kasha la springi ambalo halina springi

Hapa ndipo uvumilivu wangu unapokwisha.

Yale makasha ya EPSA ya vifundo viwili yaliitwa Super Compressor, na jina lilikuwa na maana. Kifuniko cha nyuma hakikubana gasketi kwa nguvu yote tangu mwanzo. Kilikaa juu ya springi, na maji yalipozidi kusukuma, kifuniko kilisogea ndani na kuibana gasketi zaidi. Kadiri unavyozama, ndivyo inavyofunga. Gasketi ilipumzika ikiwa nchi kavu, kwa hiyo ilidumu.

Udhaifu wake ulikuwa ubavu wa pili wa wazo hilohilo. Gasketi ikishakuwa ngumu kwa uzee, pale juu kwenye maji ya kifuani, ambako springi peke yake ndiyo inayobana, saa huvuja. Saa ya mita 200 inakufa kwenye beseni.

Leo ukiona tangazo la saa ya mtindo huo, tazama nyuma. Mara nyingi ni kifuniko cha kawaida cha nyuzi chenye oringi ya kawaida. Kilichorudi ni vifundo viwili na bezeli ya ndani, yaani sura. Christopher Ward waliijenga upya mashine yenyewe ya springi mwaka 2020, wakaweka na dirisha nyuma ili springi ionekane, na wanastahili sifa. Wengine wanatumia neno.

Oringi ya kawaida si mbaya. Kusema kweli ni bora kwa mtu anayetaka saa isiyomsumbua. Lakini basi usiniuzie springi.

## Yaliyobadilishwa na yakafaa kubadilishwa

Rangi inayong'aa gizani ni jambo la kwanza. Saa za miaka ya 1950 zilipakwa radiamu. Mng'ao wake umeshakufa, na watu hudhani hatari imekufa nayo. Sivyo. Kilichochoka ni unga unaotoa mwanga. Radiamu yenyewe inahitaji miaka 1,600 kupungua nusu, bado imo karibu yote. Ndiyo sababu fundi mwenye busara haikwangui wala haipulizi vumbi lake. Tritiamu iliyofuata inapungua nusu kila miaka 12.3, hivyo saa ya 1968 imebakiwa na asilimia 4 hivi. Rangi za leo, za aina ya Super-LumiNova, hazina mionzi; zinashiba mwanga wa jua na kuutoa.

Kilichonichekesha ni kwamba wafufuaji wengi wanaipaka rangi hiyo mpya kwa kivuli cha maziwa yaliyoungua, ili ifanane na tritiamu iliyozeeka. Mwaka 1968 rangi ile ilikuwa nyeupe ya kijani kidogo. Wanafufua uzee. Juu ya hayo, kivuli hicho kikiwa kizito kinapunguza mng'ao, na mng'ao ndio uliokuwa kusudi.

Kioo cha yakuti badala ya plastiki ya akriliki: sawa, kwa masharti. Akriliki inachubuka kirahisi lakini unaisugua kwa dawa ya kung'arisha dakika kumi ikarudi. Yakuti haichubuki kirahisi, ila ikipigwa ukingoni inamegeka, na chembe zake huingia kwenye mashine na kukata kila zinapopita.

Mashine ni mjadala ambao sina hamu nao sana. Sellita SW200 ina unene wa milimita 4.6, Miyota 9015 ina 3.9, Seiko NH35 ina 5.32. Namba hizo zinaeleza kwa nini saa mbili za sura moja, moja inakaa mkononi kama sahani na nyingine kama kopo. Zote zinatengenezeka, na hilo linanitosha. Tahadhari moja kwa wenye SW200 au ETA 2824: msiitie ufunguo kwa mkono kila siku kwa mizunguko mingi. Mara 15 hivi kuiamsha, iliyobaki uachie mwendo wa mkono. Na ukisikia kipande kizito cha nyuma kinazunguka peke yake unapotia ufunguo, acha. Magurudumu ya kugeuza yamekauka mafuta au yameliwa.

## Mita 300 zimepimwa wapi?

Kiwango cha kimataifa cha ISO 6425 kinataka kila saa ya kuzamia ipimwe moja moja, kwa shinikizo la asilimia 125 ya kina kilichoandikwa. Kwa mita 300 hiyo ni bar 37.5. Silinda ya mezani ya fundi inaishia kwenye bar chache za hewa. Juu ya hapo hupimwa kwa maji, maana hewa iliyoshindiliwa kiasi hicho ikipasua chombo ni bomu. Kwa hiyo fundi hakuthibitishii mita 300. Anachothibitisha ni kwamba leo hakuna tundu.

Na hilo ndilo la maana zaidi. Kipimo kizuri huanza kikavu: saa inawekwa kwenye chumba, hewa inanyonywa hadi bar 0.7 chini ya kawaida, na kidole cha kipimo kinasoma kama kioo kinavimba kwa sehemu za elfu za milimita na kubaki hivyo. Kikirudi taratibu, hewa inatoka. Gasketi iliyochoka huweza kufunga vizuri ikisukumwa kwa nguvu na ikavuja ikisukumwa kidogo, kwa hiyo anayepima presha kubwa tu anaweza kuikosa. Maji yanakuja mwisho, kuonyesha tundu liko wapi.

Kipimo kingine hakihitaji mashine. Pasha saa hadi nyuzi 40 au 45, dondoshea kioo tone la maji ya baridi ya kawaida, ngoja dakika moja, futa. Ukungu ukionekana kwa ndani, unyevu umo, na saa ifunguliwe leo, si kesho.

## Kifundo

Turudi kwenye meza ya fundi. Kifundo kimefunguliwa na kutazamwa kwa lenzi ya mara kumi. Ndani mwa kasha kuna mrija wenye nyuzi, na kwenye mrija kuna oringi mbili nyembamba. Ndani ya kifundo kuna gasketi ya tatu inayokandamizwa ukikaza. Oringi ya nje ina kovu, kama imekwaruzwa na ukucha. Kwenye nyuzi za mrija kuna unyoya wa chuma unaometa.

Mwenye saa alikuwa akikikaza kifundo kimepinda. Ni kosa la kawaida mno. Kifundo kinasukumwa kidogo, kinageuzwa kwanza kinyume, kana kwamba unafungua, mpaka kidole kisikie uzi umedondoka mahali pake. Ndipo kinakazwa mbele, kwa vidole viwili, bila kulazimisha. Anayeanza moja kwa moja kukaza anakata nyuzi, na chuma alichokikata kinakata mpira.

Kijitabu chenye kurasa za wazamiaji mashuhuri hakikumwambia hilo.

Oringi inatolewa kwa kijiti cha plastiki, kwa sababu sindano ya chuma inaacha mkwaruzo kwenye mfereji na mkwaruzo huo unakuwa njia ya maji. Nyuzi zinasafishwa. Oringi mpya inapakwa grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu. Ikiwa donge, inakusanya vumbi na nyuzi za kitambaa.

Na hapa nikapata jibu la swali langu, au nusu yake. Fundi aliandika kuomba spea. Chapa ikajibu, ikatuma oringi, gasketi ya kifundo na mrija wa akiba, pamoja na vipimo vyake vya upana na unene kwa sehemu za milimita, ili siku moja mtu azipate hata kama wao hawapo. Nilikuwa nimejiandaa kuikejeli chapa ile. Kumbe yupo mtu pale aliyeketi akaamua kitu ambacho wale wa 1967 hawakuwaza: kwamba kampuni inaweza kufa tena, na saa ibaki.

Sasa naanzia hapo. Kabla ya historia na kabla ya rangi ya uso, uliza kama wanauza mrija na kifundo peke yake, kama gasketi ya kioo ni ya kipimo cha kawaida, kama duara la bezeli linabanduka na kubadilishwa bila kununua bezeli nzima. Wengine watakwambia urudishe saa kiwandani. Ukisikia hivyo, uliza kiwanda hicho ni cha nani.

Saa imerudishwa kwenye ndoano. Bar 3, dakika zilezile, inashushwa, vali inalegezwa. Povu moja linatoka chini ya bezeli, la pili linafuata. Fundi anasogeza taa karibu na kifundo na kungoja hadi mshale wa kipimo ufike sifuri.

Hakuna kilichotoka.